Kuhamisha programu ya mizani ya korosho kwenda AGPL: tuliyopitia Mtwara

Kama unatengeneza programu ya chama cha msingi, zahanati au shule huku kusini, na kuna mtu amekwambia "weka msimbo (yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya) wazi tu, mambo ya leseni mtayaangalia baadaye", naomba usome hili kabla hujamsikiliza. Mimi na mwenzangu tulifika huko baadaye, tukalazimika kuihamisha programu yetu kwenda AGPL, leseni inayomtaka anayeibadili programu na kuiendesha kwenye seva awape watumiaji msimbo wake. Tumetoka salama, lakini imetugharimu fedha, muda na usingizi, na kuna kipindi ilikaribia kutugharimu urafiki.

Programu yenyewe ni ndogo. Karani wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, anaitumia kwenye simu wakati wa kupima korosho. Anaandika jina la mkulima, namba ya uanachama, magunia, kilo na daraja, kisha stakabadhi inatoka kwenye kiprinta cha bluetooth. Mtandao ukipatikana, taarifa zinapanda kwenye seva, na huko katibu na mhasibu wanaziona. Mkulima naye anaweza kuingia akaangalia mzigo wake umeuzwa mnada upi na umekatwa nini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho msimu wa 2007/2008, karatasi hiyo ndiyo kila kitu kwa mkulima kuanzia siku anakabidhi mzigo hadi siku fedha inaingia benki. Kilo zikikosewa pale, ugomvi wake unaweza kuvuka msimu. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kuifungua programu na kuona hesabu inavyopigwa linamhusu mkulima wa Tandahimba kama linavyomhusu fundi wa kompyuta.

Toleo la kwanza lililipiwa na mradi wa wafadhili, na mkataba ulitaka leseni ya MIT. Ni leseni fupi, haizidi nusu ukurasa. Inamruhusu yeyote kutumia, kubadili, kuuza, hata kuufunga msimbo, ili mradi abakize tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni. Mradi ulipokwisha, kampuni moja iliuchukua msimbo, ikaongeza vitu vyake na kuanza kuvitoza vyama ada ya kila mwezi. Hawakuvunja sheria yoyote, na sitaki asomaye adhani vinginevyo. Leseni iliwaruhusu.

Kilichotuamsha ni simu ya karani wa upande wa Newala. Makato kwenye skrini hayakulingana na aliyopiga kwa kikokotoo, na mkulima alikuwa amekaa mbele yake anasubiri jibu. Kampuni ilimwambia avute subira mpaka toleo lijalo. Akatupigia sisi kwa sababu majina yetu bado yalikuwemo kwenye ukurasa wa "Kuhusu". Tukamweleza kwamba msimbo unaopiga hesabu ile si ule tuliouandika, na hatuna haki ya kuudai. Akauliza, "Hata ninyi mlioitengeneza?" Nikamjibu ndiyo, hata sisi. Mtu huyo amekulia katika eneo ambalo kila msimu watu wanalalamikia kangomba, ile biashara ya walanguzi wa korosho, na mizani iliyochezewa. Kumwambia kwamba hesabu ya mkulima wake imefungiwa ndani ya boksi ambalo hata waundaji hawalifungui, kuliniumiza kuliko nilivyotarajia.

Hapo ndipo tulipoanza kusoma kwa bidii kopilefti, yaani leseni zinazotaka msimbo ubaki wazi hata ukibadilishwa. Wazo ni la Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983. Leseni yake ya GPL ilitoka 1989, toleo la pili 1991, la tatu Juni 2007. Utaratibu wake haukwepi hakimiliki, unaitegemea. Wewe mwandishi ndiye mwenye haki, na unampa kila mtu ruhusa ya kutumia, kusoma, kubadili na kusambaza, kwa sharti moja zito: akisambaza programu yako au kitu alichokijenga juu yake, wapokeaji wapate msimbo chanzo na ruhusa zilezile alizozipata yeye. Kwa hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, na haki inazaliwa pale unapoandika kazi yako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi mzuri, ila haki haisubiri usajili.

Sasa angalia neno "akisambaza", kwa sababu hapo wengi wanapotelea. GPL ya kawaida inamfunga mtu anapompa mwingine nakala ya programu. Akiiweka kwenye seva yake na watu wakaitumia kwa kivinjari, hajampa mtu nakala, na halazimiki kutoa msimbo. Upande wa simu wa programu yetu ungelindwa vizuri na GPL. Upande wa seva, ambako ndiko makato yanakopigwa, usingelindwa hata kidogo. AGPL toleo la 3, iliyotoka Novemba 2007, iliandikwa kwa ajili ya pengo hilo. Kifungu chake cha 13 kinasema ukiibadili programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, uwape nafasi ya kupata msimbo wa toleo lako bila malipo. Kwa hiyo kabla hujachagua, jiulize mtumiaji wako anaishika programu mkononi au anaifuata kwenye seva. Jibu la swali hilo ndilo lililotuamulia.

Mwenzangu hakutaka. Hoja yake ilikuwa nzito na sikuidharau: kampuni nyingi zinaikimbia AGPL, Google kwa mfano imewakataza watumishi wake kuitumia ndani ya kampuni, na sisi tulikuwa tunawahitaji wachangiaji. Tulibishana hadi tukafika mahali pa kujibizana kwa ujumbe mfupi wakati meza zetu zinatazamana. Nilimwomba aniambie ni kampuni ipi kubwa ya nje iliyowahi kutuletea hata mstari mmoja. Naye akanitaka nimwonyeshe faida ya kopilefti isiyo ya kwenye makaratasi. Nikamkumbusha ruta ya Linksys WRT54G. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ndani yake mna Linux, mfumo endeshi ulio chini ya GPL. Wenye bidhaa wakalazimika kuutoa msimbo, na kutokana na msimbo ule ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unahuisha ruta ambazo watengenezaji wake walishaziacha. Hilo lilimgusa, maana ofisini tulikuwa na ruta ya namna hiyo. Tukakubaliana kuhamia AGPL.

Kuhama kwenyewe kuna mtego wa maneno ya watu. Tuliambiwa lazima tupate saini ya kila aliyewahi kuchangia. Ukitoka MIT kwenda AGPL si lazima, kwa sababu MIT inakuruhusu kuutia msimbo ule ndani ya kazi yenye leseni kali zaidi, mradi tangazo la zamani libaki. Ukitaka kwenda kinyume chake, yaani kutoka GPL kuja MIT, hapo ndipo unahitaji idhini ya kila mwenye haki, hata aliyeandika kipande kidogo miaka iliyopita na namba yake haipatikani. Jua pia kwamba matoleo ya zamani yanabaki na MIT milele. Uliyokwisha kuyatoa hayarudi, na ile kampuni ina haki ya kuendelea nayo hadi kesho.

Shida yetu ilikuwa vipande ambavyo havikuwa na leseni yoyote. Mwanafunzi mmoja wa chuo hapa Mtwara alikuwa ametuletea kwenye flashi sehemu ya kutafuta mkulima kwa jina hata likiandikwa vibaya. Hakuna mahali alipoandika anatupa ruhusa gani, na msimbo usio na leseni ni mali ya aliyeuandika. Yeye tulimpata, akatuandikia barua kwa moyo mweupe. Mwingine aliandika sehemu ya ripoti akiwa ameajiriwa mahali, tena katika saa za kazi, na hakuwa na uhakika kama haki ni zake au za mwajiri. Tuliomba mwajiri athibitishe, jibu halikuja. Tukaitoa sehemu ile yote na kuiandika upya bila kuangalia ya zamani. Ilitula muda mwingi wakati msimu wa Oktoba unatukaribia.

Tangu hapo kila mchango unakuja na mstari wa "Signed-off-by" chini yake, utaratibu ulioanza kwenye Linux mwaka 2004: mchangiaji anathibitisha kwa jina lake kwamba kazi ni yake, au ana haki ya kuitoa chini ya leseni ya mradi. Ni mstari mmoja tu. Wanafunzi wanauzoea kwa siku moja.

Kisha tukafika kwenye maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine ambavyo programu inavitumia, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo kazi ya mikono ilipo. Chukua orodha ya kila maktaba ambayo programu yako inaitegemea, pamoja na zile ambazo maktaba zako nazo zinazitegemea, na uandike leseni ya kila moja. Za MIT na BSD kwa kawaida hazina tatizo. Apache 2.0 inaungana na toleo la 3 la GPL na AGPL, lakini haiungani na kazi iliyo chini ya GPL toleo la 2 peke yake. Sisi tulikuta maktaba moja ya kupanga tarehe ambayo ni ya toleo la 2 peke yake, bila yale maneno ya "au toleo lolote la baadaye". Hiyo haiwezi kukaa nyumba moja na AGPL 3. Tukaibadilisha.

Kubwa zaidi lilikuwa la printa. Wale wenzetu wa vyama walikuwa wamenunua viprinta vya bei nafuu, na mtengenezaji alitoa maktaba yake iliyofungwa ya kuviendesha. Kuisambaza pamoja na programu ya AGPL, yenye kazi za watu kadhaa, kungekuwa kuvunja leseni tuliyoichagua wenyewe. Njia mbili zilikuwepo. Ya kwanza ni kuongeza ruhusa ya ziada, ambayo kifungu cha 7 kinaikubali, lakini lazima kila mwenye haki kwenye msimbo husika aikubali. Ya pili ni kuachana na maktaba ile. Tulipochunguza tukaona kiprinta kinaelewa ESC/POS, lugha ya amri iliyoanzia kwa Epson na inayofuatwa na viprinta vingi vya risiti. Mwenzangu, yuleyule aliyekuwa hataki AGPL, akaandika kipande cha kutuma amri hizo moja kwa moja. Stakabadhi ya kwanza ilitoka na herufi zimepandana, jina la mkulima limekatwa katikati na kilo zimehamia mstari wa chini. Akarekebisha upana wa safu, akachapa tena na tena hadi karatasi ya joto ikajaa mezani. Ilipotoka sawasawa, ilikuwa inachapa kwa kasi kuliko maktaba ya mtengenezaji, na tangu siku hiyo inafanya kazi na viprinta vya aina tofauti ambavyo zamani vilikuwa vinatugomea.

Baada ya hapo tukaenda kuzungumza na wenye programu hasa, yaani vyama. Nilijiandaa kueleza vifungu, lakini hakuna aliyeuliza kifungu. Mwenyekiti mmoja, mzee wa heshima, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, unasema kila kitu kitakuwa wazi. Na fedha za wakulima wangu nazo zitaonwa na kila mtu?" Ukumbi mzima ukaanza kunong'ona. Ni swali la maana kuliko yote niliyoulizwa, na nakushauri ulijibu kabla halijaulizwa. Leseni inahusu msimbo, yaani maelekezo ya namna ya kupiga hesabu. Majina, kilo, akaunti na malipo ya wakulima si sehemu yake, na AGPL haimdai mtu hata jina moja. Taarifa hizo zinalindwa na sheria nyingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 2023. Nilimwambia, "Mzee wangu, kila mtu ataona jinsi mizani inavyopima, lakini gunia la mtu halionwi na asiyehusika." Akatikisa kichwa, akasema niyaandike hayo kwenye karatasi na kuyatia saini. Tukaandika kurasa mbili za Kiswahili, tukaeleza mwanzoni kwamba ni maelezo tu, na matini ya Kiingereza ndiyo leseni yenyewe, kwa kuwa Free Software Foundation, shirika linalotoa leseni za GPL na AGPL, haijaidhinisha tafsiri yoyote kuwa rasmi.

Swali la pili lilitoka kwa katibu: "Kama ni ya bure, ninyi mtakula nini?" Leseni haikatazi kutoza. GPL na AGPL zinakuruhusu kuuza nakala kwa bei uipendayo, isipokuwa huwezi kumzuia mnunuzi asiigawe. Sisi tunatoza kufunga, kufundisha makarani, na mkataba wa matengenezo wa msimu. Mkataba huo ni lazima uwe waraka wa peke yake, kwa sababu vifungu vya 15 na 16 vya leseni vinasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana, na chama kikipata hasara hakiwezi kuegemea leseni. Usiwafiche hilo. Waambie dhamana yao iko kwenye mkataba wenu, kisha uiandike kweli.

Tukafika kwenye lile tuliloliogopa zaidi. Kampuni nyingine, si ile ya mwanzo, ilichukua toleo letu la AGPL, ikalibadili na kuliweka kwenye seva yake kwa ajili ya vyama vya mkoa jirani. Kwenye kurasa zao hapakuwa na kiungo cha msimbo wala jina la leseni. Nililijua kosa lao kwa sababu ujumbe wa hitilafu tuliouandika wenyewe, wenye koma iliyozidi, ulijitokeza kwenye picha ya skrini aliyonitumia karani. Mikono ilitetemeka nilipoiona. Nilitaka kuandika hadharani usiku uleule, na namshukuru mwenzangu kwa kunizuia.

Tulimtafuta wakili. Hakuwa amewahi kushughulikia leseni ya programu huria, na ada yake ilizidi tunacholipia seva mwaka mzima. Tulimpelekea kesi za nje apate mwanga: mahakama ya Munich ilikubali mwaka 2004 kwamba GPL inamfunga mtumiaji, katika shauri la Harald Welte dhidi ya Sitecom, na mahakama ya rufani ya Paris mwaka 2024 iliamuru kampuni ya Orange iilipe Entr'ouvert fidia ya mamia ya maelfu ya euro kwa kuvunja GPL. Akatukumbusha kwamba hukumu hizo haziifungi mahakama ya Tanzania. Ni kweli, lakini zinaonyesha kwamba watu wazima wameyachukulia haya kwa uzito. Kisha akatupa ushauri uliokuwa na thamani ya ada yote: msiandike barua ya vita, andikeni barua inayomwonyesha mtu mlango wa kutokea.

Na mlango upo ndani ya leseni. Toleo la 2 la GPL linamnyima mvunjaji haki zake palepale. Toleo la 3 na AGPL, katika kifungu cha 8, linampa anayejulishwa kwa mara ya kwanza na mwenye haki siku 30 tangu apokee taarifa. Akirekebisha ndani ya muda huo, haki zake zinarudi moja kwa moja. Barua yetu ilitaja toleo, mafaili, picha za skrini zenye tarehe, kifungu cha 13, na siku hizo 30. Haikutaja fedha.

Jibu lao la kwanza lilikuwa kwamba hawajasambaza kitu, seva ni yao. Tukawarudisha kwenye kifungu cha 13. La pili likaja na faili moja la msimbo, ila halikuweza kujengwa kuwa programu inayofanya kazi. Leseni inaposema msimbo chanzo kamili inajumuisha pia maandishi yanayotumika kuijenga na kuiendesha programu, si mafaili ya kusoma tu. Tukawaomba tena kwa upole, tukaeleza kinachokosekana kwa jina. Kabla muda haujaisha wakaweka kila kitu, na kiungo kwenye ukurasa wa mbele.

Tulipoufungua msimbo wao tulikuta wametatua jambo lililokuwa likitusumbua: makato yanapobadilika katikati ya msimu, stakabadhi za nyuma zisiguswe. Walikuwa wamelifanya kwa ustadi kuliko sisi. Tumelichukua, tangazo lao la hakimiliki limebaki kwenye kila faili, na tuliwapigia kuwashukuru. Fundi wao sasa hututumia marekebisho yeye mwenyewe, yakiwa na Signed-off-by.

Mambo madogo ambayo yangeturahisishia kazi ile ni haya. Weka matini kamili ya leseni kwenye faili la COPYING. Kila faili la msimbo libebe mstari wa SPDX-License-Identifier unaotaja jina fupi la leseni, kwetu ni AGPL-3.0-or-later, ili faili likitolewa peke yake bado lijulikane. Kiungo cha msimbo kwenye seva kielekee toleo lilelile linalotumika siku hiyo, maana ukiweka la mwaka jana na wewe umeshavunja leseni kwa kazi za wachangiaji wako. Jina na nembo ya programu uvitenge: leseni inampa mtu msimbo, na unaweza kuandika wazi kwamba akiubadili autumie kwa jina lake.

Na mfadhili akija na mkataba unaotaja MIT, usikate tamaa kabla hujauliza. Aliyekuja kwetu safari hii alikuwa na rasimu ya namna hiyo. Tukamwonyesha kwamba AGPL imo kwenye orodha ya leseni zilizoidhinishwa na Open Source Initiative, shirika linalokagua leseni za msimbo wazi, na orodha hiyo ndiyo inayotumiwa pia na kiwango cha kimataifa cha mali za umma za kidijitali. Mwanasheria wao akafuta neno MIT, akaandika "leseni yoyote iliyoidhinishwa na Open Source Initiative", nasi tukasaini.